SOMO LA WIKI: Uchumi Supermarkets na hatari ya kuhesabu matawi

Mfanyabiashara wa Sirari, Tarime mjini au Mugumu akitaka kujua kama duka kubwa ni imara, swali lake la kwanza huwa ni moja: lina matawi mangapi? Mwekezaji mdogo anayetafuta hisa za kununua naye huuliza hivyo hivyo. Historia ya Uchumi Supermarkets ya Kenya, kampuni iliyofikisha maduka yake Kampala na Dar es Salaam, inaonyesha kuwa kipimo hicho peke yake hakitoshi.

Asili yake

Uchumi iliundwa mwaka 1975 na mashirika matatu ya umma ya Kenya: shirika la maendeleo ya viwanda na biashara (ICDC), shirika la biashara la taifa (KNTC) na Kenya Wine Agencies. Lengo lilikuwa kuwafikishia wananchi bidhaa muhimu kwa bei nafuu na kuvipatia viwanda vya ndani mahali pa kuuzia. Katika miaka ya mwanzo uendeshaji ulikabidhiwa kwa Standa, kampuni ya maduka makubwa ya Italia.

Hapa Tanzania kazi inayofanana na hiyo ilikuwa mikononi mwa STC, shirika la biashara la taifa lililoundwa mwaka 1967, na baadaye makampuni ya biashara ya mikoa, yaani RTC. Uchumi ilifuata njia tofauti. Mwaka 1992 hisa zake ziliingia Soko la Hisa la Nairobi, na wananchi wa kawaida wakawa wenye mali pamoja na serikali.

Matawi yaliongezeka. Nairobi kulikuwa na maduka ya Sarit Centre, Barabara ya Ngong na Lang'ata. Kampala kampuni iliingia Garden City, na Dar es Salaam ikafungua Quality Centre, Barabara ya Nyerere.

Kuanguka mara mbili

Juni 2006 kampuni ilishindwa kulipa madeni. Maduka yalifungwa, mfilisi akakabidhiwa, na hisa zikasimamishwa sokoni. Serikali ya Kenya iliingilia kati, maduka yakafunguliwa upya, na mwaka 2011 hisa zikarudi sokoni Nairobi. Mwaka 2014 ziliorodheshwa pia katika Soko la Hisa la Dar es Salaam.

Nafuu hiyo haikudumu. Juni 2015 bodi ilimwondoa mtendaji mkuu, na Oktoba mwaka huo huo kampuni ikafunga maduka yote ya Uganda na Tanzania. Nakumatt, mpinzani wake mkubwa, ilipita njia hiyo hiyo. Ilifungua tawi Moshi mwaka 2011, ikachukua maduka ya Shoprite nchini mwaka 2014, na kufikia Januari 2018 ilikuwa chini ya msimamizi wa mahakama.

Fedha ya nani?

Tuchukue mfano wa kubuni. Duka kubwa linachukua bidhaa za Sh. milioni 10 kila siku kwa mali kauli, na linalipa baada ya siku 60. Mteja analipa taslimu pale pale. Kwa hiyo wakati wowote duka linakaa na Sh. milioni 600 ambazo ni za wagavi. Uongozi ukiona fedha hizo benki, unashawishika kukodi jengo jipya, kununua rafu na majokofu, na kutangaza tawi.

Sasa biashara ishuke, duka lichukue bidhaa za Sh. milioni 6 tu kwa siku. Ankara zinazoiva ni zile za zamani za Sh. milioni 10. Kila siku kuna pengo la Sh. milioni 4, na kwa siku 60 linafika Sh. milioni 240. Fedha hizo haziwezi kutoka kwenye rafu na majokofu. Wagavi wanacheleweshewa, wanapunguza mizigo, rafu zinabaki tupu, wateja wanahama, na mauzo yanashuka zaidi.

Ukongwe nao si kinga. Sogo ya Japani, iliyoanza Osaka mwaka 1830, ilitanua matawi kwa mikopo na kuanguka Julai 2000. Kinyume chake, duka lililozaa Mitsukoshi lilianza mwaka 1673 na likapata jina kwa kuuza kwa bei moja na kwa fedha taslimu. Sheria ya duka la kwanza la Mitsukoshi bado inamfaa mwenye kibanda cha Nyamongo.

Mambo ya kuangalia

Kwa mgavi: duka likifilisika, mwenye dhamana hulipwa kwanza, hasa benki. Anayedai kwa ankara tupu hukaa nyuma. Basi andika siku za malipo, usipeleke mzigo wa pili kabla wa kwanza haujalipwa, na usiruhusu mteja mmoja ashike nusu ya mtaji wako. Kanuni hii inamhusu anayepeleka mboga kwenye hoteli za Serengeti sawa na anayepeleka mahindi au ndizi kwa dalali wa Isebania. Mteja aliyekuwa akilipa kwa siku 30 akianza kulipa kwa siku 50, hiyo ni dalili, hata kama wiki hiyo anazindua tawi.

Kwa mwekezaji: mwenye hisa yuko mwisho kabisa wa foleni. Kabla ya kununua, fungua mizania ulinganishe mali za muda mfupi na madeni ya muda mfupi. Madeni yakizidi, na deni la wagavi likikua kwa kasi kuliko mauzo, matawi hayo mapya yanajengwa kwa fedha za watu wengine. Kampuni ikirudi tena kwa wanahisa kuomba mtaji, uliza fedha za mara ya mwisho zilikwenda wapi.

Idadi ya matawi husomeka kwenye bango. Uwezo wa kulipa husomeka kwenye mizania na kwenye tarehe ya hundi.