Je, Mtu Hubeba Kosa la Kabila Lake?

Somo letu ni swali moja la uadilifu: mtawala akidhulumu watu, je, watu wa kwao nao wana hatia?

Sisi wa West Nile tunalijua swali hili kutoka nyumbani. Idi Amin, ambaye ukoo wake unahusishwa na Koboko, aliangushwa Aprili 1979. Oktoba 1980 waliokuwa askari wake walivuka mpaka wakashambulia Koboko na Arua. Jeshi la serikali, UNLA, liliporudi halikuwatafuta askari hao peke yao. Raia waliuawa, nyumba zilichomwa, na watu wengi sana walikimbilia Sudan na Zaire. Juni 1981 askari waliua raia waliojihifadhi katika misheni ya Wakatoliki ya Ombaci, karibu na mji wa Arua.

Lakini tusisome nusu ya historia. Mwaka 1971 utawala wa Amin uliua askari wengi Waacholi na Walangi kwa sababu ya kabila lao. Mwaka 1972 Waasia walipewa siku 90 kuondoka nchini. Hoja ilikuwa ileile: wote ni wamoja, basi wote waadhibiwe.

Mwanafalsafa Mjerumani Karl Jaspers aliandika juu ya hatia mwaka 1946, baada ya vita vya Hitler. Alitenganisha hatia ya jinai, ambayo ni ya mtu aliyetenda na huamuliwa na mahakama, na dhamana ya kisiasa, ambayo raia hushirikiana kwa matendo ya dola yao. Hapo tunapata jibu kwa wasemao, "Lakini walifaidika na utawala wake." Aliyefaidika kwa dhuluma adaiwe mali kwa sheria. Hadaiwi roho ya mwanawe.

John Rawls, katika kitabu chake cha 1971, anatutaka tuchague kanuni za jamii bila kujua nafasi yetu ndani yake. Jaribu: hujui utazaliwa Koboko, Gulu au Kampala. Je, utakubali kanuni ya kuadhibu kabila zima?

Qur'ani imelikata jambo hili. Surat al-An'am, aya 164, inafundisha kuwa hakuna abebaye mzigo wa mwenzake. Surat al-Maida, aya 8, inatukataza kuacha uadilifu kwa sababu ya kuwachukia watu. Aya hii inamgusa hasa mwenye sababu ya kuchukia, nasi tunazo. Basi tukimwona mwanafunzi mwenzetu bwenini tukanong'ona, "Hao ndio waliotuua," tumeishika hoja ya waliochoma nyumba za wazee wetu.

Maswali ya halaka:
1. Aliyetoa amri na aliyenyamaza, je, hatia yao ni sawa?
2. Familia zilizopoteza watu zinadai nini, na kwa nani?

Wabillahi tawfiq.