Tunashuka Makumbusho, Hatuingii Makumbusho

Kutwa nzima makonda wa Dar es Salaam wanaliita jina hilo: "Makumbusho! Makumbusho hiyo, twende!" Mwambie mtu wa Tandika au Mbagala kwamba unakwenda Makumbusho, hatakuuliza unakwenda kuangalia nini. Atajua unakwenda kuunganisha gari. Kwetu Makumbusho ni stendi, ni chipsi za haraka, ni kugombea siti ya dirishani. Kwamba jina lenyewe limetokana na Kijiji cha Makumbusho, kilichopo hapo hapo Kijitonyama kando ya Barabara ya Bagamoyo tangu 1967, wengi tunalijua kama tunavyojua kuwa Kariakoo ni jina lililobaki la kikosi cha wapagazi wa Waingereza wakati wa Vita ya Kwanza. Ni jibu la chemsha bongo, basi.

Makala hii ni ya anayetaka kuingia ndani na kutoka na kitu cha kuandika. Muhula huu darasa letu lilipewa asaimenti: tembelea makumbusho yoyote ya Dar es Salaam, andika kurasa tatu. Mimi ndiye kiongozi wa darasa, kwa hiyo ripoti zilipita mikononi mwangu kwenda na kurudi. Zilipotoka kusahihishwa niliona swali moja limerudiwa kwa kalamu nyekundu karatasi baada ya karatasi. Mwanafunzi ameandika: "Ni mahali pazuri, nimejifunza mengi kuhusu utamaduni wetu." Mhadhiri ameuliza: "Mengi yapi?"

Swali ni dogo lakini linauma. Tatizo si uvivu. Watu walikwenda kweli, walitoa nauli na kiingilio wakati bumu halijaingia, wakapiga selfi mbele ya kila nyumba. Tatizo ni kwamba hatujafundishwa kutazama. Tunafundishwa kunukuu kitabu, lakini hakuna aliyetuonyesha namna ya kunukuu ukuta wa udongo.

Nianze na lugha, maana inatusaidia kuliko tunavyodhani. Makumbusho imetoka kwenye kumbusha, si kumbuka. Kukumbuka unaweza peke yako, umelala kitandani, taa imezimwa. Kukumbusha kunataka wawili: anayekumbusha na anayekumbushwa. Kwa hiyo ukisimama mbele ya kitu chochote kwenye makumbusho, una haki ya kuuliza: nani ananikumbusha hapa? Ananikumbusha nini? Na kipi angependa nikisahau? Ukiwa na maswali hayo mfukoni, kurasa tatu hazitoshi.

Tuchukue tembe la Wagogo pale Kijijini. Ripoti nyingi zilisema "nyumba ya asili ya kabila la Wagogo" zikasonga mbele. Sasa simama. Paa ni bapa, na juu ya miti limewekwa udongo. Nyumba ni fupi, mtu mrefu anainama kuingia. Kwa nini? Ugogo ni nchi kavu, yenye upepo, na majani marefu ya kuezekea hayapatikani kwa urahisi. Udongo upo. Tembe kamili huzunguka ua, na ng'ombe hulala katikati, ndani ya mikono ya nyumba, kwa sababu katika nchi ya ukame ng'ombe ndiyo benki. Halafu nenda kwenye msonge wa Wahaya: nyasi kuanzia kileleni hadi karibu na ardhi, kama mtu aliyejifunika shuka gubigubi. Bukoba mvua hainyeshi kwa kubahatisha. Maji lazima yateleze hadi chini bila kupata pa kusimama. Hapo tayari umejifunza kwamba nyumba hizi mbili si "utamaduni" unaoelea hewani. Ni majibu mawili kwa maswali mawili ya hali ya hewa, na waliojibu walikuwa mafundi.

Ukifika hapo, ongeza swali la pili: nyumba hii inafanya nini hapa? Dodoma hupata karibu nusu tu ya mvua ya Dar es Salaam. Paa la udongo linaloishi vizuri Ugogo, huku pwani ni mgonjwa aliye mbali na kwao. Masika ikiingia linalowa, linakuwa zito, na miti iliyo chini yake inaoza kwa unyevu na mchwa. Nyumba ya udongo na nyasi haihifadhiwi kama sarafu ndani ya kioo. Inabidi ijengwe upya, na upya tena. Maana yake kinachohifadhiwa pale hasa si nyumba, ni ujuzi wa kuijenga. Siku fundi anayejua kufunga nyasi za msonge asipopatikana, tutabaki na kibao cha maelezo na uwanja mtupu. Katika ripoti zote nilizopitia hakuna aliyeuliza nani anaezeka upya na alifundishwa na nani. Lingekuwa swali zuri la mahojiano, na walinzi na waongoza wageni wa pale ni watu wa kuongea nao ukiwaamkia vizuri na kuacha haraka.

Swali la tatu ndilo gumu: mwaka. 1967 ndio mwaka wa Azimio la Arusha. Serikali changa ilitaka watu wa makabila zaidi ya mia moja wajione taifa moja, na kijiji chenye nyumba za kusini, za ziwani na za nyanda za juu zikiwa jirani bila ugomvi kilikuwa somo zuri la umoja. Nalikubali somo hilo, mimi ni mtoto wake: baba ametoka mkoa mmoja, mama mwingine, na nyumbani tunaongea Kiswahili tu. Lakini weka tarehe nyingine pembeni. Mwaka 1971 ilikuja Operesheni Dodoma, Wagogo wakahamishiwa vijiji vya ujamaa, na kufikia katikati ya miaka ya 1970 kuishi kijijini ilikuwa amri nchi nzima. Watu wengi waliacha nyumba zao, na kuna zilizobomolewa ili wenyewe wasirudi. Kwa hiyo kwa miaka ile tembe lilikuwa likitunzwa Kijitonyama huku wenye matembe wakiambiwa wahame kwenye matembe yao. Sisemi kwamba kulikuwa na unafiki. Nasema kwamba mambo hayo mawili yakiwekwa kwenye ukurasa mmoja, asaimenti yako imeanza kuwa historia.

Makumbusho ya mjini, ile ya Mtaa wa Shaaban Robert, inataka macho ya aina nyingine. Wanafunzi wa IFM wanavuka barabara tu, wameshafika. Jengo la zamani lilifunguliwa kwa umma mwaka 1940 kwa jina la Mfalme George wa Tano, kwa hiyo kabla hujatazama kilichomo, tazama kuta: Mwingereza alilijenga amkumbushe mfalme wake. Leo limo ndani ya Nyumba ya Utamaduni, na kati ya magari yaliyohifadhiwa kuna Rolls-Royce iliyombeba gavana wa kikoloni kisha ikambeba Mwalimu Nyerere. Hilo gari peke yake ni mada. Bendera ilibadilika, kiti cha nyuma kikabaki kile kile. Kwa nini Mwalimu hakuliuza? Unaweza kujibu kwa fedha, kwa heshima ya dola, au kwa kejeli; kila jibu lina ushahidi wake wa kutafuta.

Pale pale kuna kumbukumbu ya tarehe 7 Agosti 1998, siku ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa. Hapa Dar walikufa watu 11, Nairobi zaidi ya 200. Ubalozi wenyewe ulikuwa Oysterbay, Kinondoni, si mjini. Wengi wa rika letu hatukuwa tumezaliwa, tunalisikia tukio hilo kama habari ya nchi nyingine. Ukisimama pale, sauti za magari ya Posta zinakufikia, na unajikuta unawaza kwamba waliokufa walikuwa na siku ya kawaida kama yako. Maoni ya namna hiyo ni halali kwenye ripoti. Hisia si dhambi kitaaluma, ilimradi useme ni kitu gani kimeiamsha.

Halafu Zinjanthropus, ambaye kila aliyesoma shule ya msingi anamjua kwa jina. Fuvu lake lilipatikana Olduvai mwaka 1959 na Mary Leakey, lina umri wa karibu miaka milioni 1 na laki 7 na nusu, lilitoka nje ya nchi kwa utafiti na kurudishwa Tanzania mwaka 1965. Kurudi huko ndiko kunakonivutia zaidi kuliko umri. Maana mifupa mingine haijarudi. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba Tendaguru, mkoani Lindi, wakapeleka Berlin zaidi ya tani 200 za mabaki. Ilikuwa miaka miwili tu baada ya Vita vya Maji Maji kuisha, na njaa iliyofuata vita hivyo ilikuwa imeiumiza vibaya nchi ile ya kusini. Mizigo ilibebwa na watu, kichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa hadi bandarini. Leo dinosaria aliyeunganishwa kwa mifupa hiyo amesimama kwenye makumbusho ya Berlin, kimo chake kama mita 13, na Mtanzania anayesoma kule anakata tiketi kwenda kumwona mtu wa kwao. Kumbe hata "kimefikaje hapa?" ni swali la mgeni. Pengine ndilo la kwanza.

Sasa nirudi upande wetu wa Temeke, kwa sababu hapa ndipo zoezi hili liliponishika shati.

Naishi Tandika, nimepanga chumba. Baada ya kusahihishiwa ripoti niliamua kuitazama nyumba yetu kwa maswali yale yale, kama vile kuna kibao cha maelezo mlangoni. Ni hii nyumba ya Kiswahili mnayoijua: baraza mbele, mlango katikati, ukumbi unaopita moja kwa moja hadi uani, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto. Uani kuna jiko, bafu, choo, kamba za nguo na vyumba viwili vilivyoongezwa baadaye. Paa la bati. Temeke, Ilala na Magomeni zimejaa nyumba za ramani hii tangu wakati wa Mwingereza, kuta zikianza kwa miti na udongo, zikabadilishwa tofali moja moja kadiri hela ilivyopatikana.

Kwa nini ukumbi unyooke hivyo? Fungua mlango wa mbele na wa uani saa nane mchana, upepo utakujibu. Kwa nini vyumba vilingane? Kwa sababu ramani hii inajua kupanga: mwenye nyumba anakaa viwili, vinne vinamlisha. Baraza ni kitu cha ajabu zaidi. Ni mali ya mwenye nyumba lakini asubuhi ni ya mama wa vitumbua, mchana ya wasusi, jioni ya wazee wa bao, na usiku ya yeyote aliyekatikiwa umeme. Mita ya LUKU ni moja, wapangaji sita, na ugomvi wake ungeweza kujaza kabati zima la makumbusho. Watu wa makabila matano wanaishi chini ya paa hili. Kijitonyama waliwapanga kwa nyumba tofauti ili kufundisha umoja. Hapa wamepangwa kwa vyumba, na hakuna anayekata tiketi.

Nilimuuliza bibi mwenye nyumba nani aliijenga. "Marehemu babu yako," alisema, akimaanisha mumewe, "na fundi mmoja wa Kizaramo. Alipima kwa hatua za miguu. Mbona hujawahi kuniuliza kodi unaniuliza tofali?" Kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba watoto wake wamepata mnunuzi. Mnunuzi hataki nyumba, anataka kiwanja. Atajenga ghorofa yenye fremu chini. Tuna mpaka mwisho wa mwaka.

Siwalaumu watoto. Kiwanja kina bei, bibi anahitaji matibabu, na mimi mpangaji wa miezi sita sina kauli. Lakini nimehesabu mtaani kwetu, kutoka msikitini hadi kwenye kona ya bodaboda: upande mmoja zilikuwa nyumba kumi na moja za ramani hii nilipohamia mwaka wa kwanza. Zimebaki saba. Kila inapovunjwa, baraza linaondoka nalo, kwa sababu ghorofa lenye fremu lina ngazi na geti, halina baraza. Na hakuna anayezipima, maana hakuna anayefikiri nyumba ya kupanga ni kitu cha kukumbushwa.

Kwa hiyo wanne wa darasa letu tumeanza. Tunatumia futi kamba ya fundi, daftari la mistari mikubwa na simu. Tunaomba ruhusa kwa mwenye nyumba, tunaamkia, tunapima ukumbi, vyumba, baraza na ua, tunachora, kisha tunauliza mambo matatu tu: nani alijenga, kipi kiliongezwa lini, na nani amelala chumba gani tangu mwanzo. Swali la mwisho ndilo refu. Nyumba moja ya Mtoni lilituchukua mchana mzima na chai mbili. Hatupigi picha ndani ya vyumba vya watu. Nakala moja ya mchoro tunamwachia mwenye nyumba. Anayesoma usanifu majengo au jiografia na anajua kuchora kuliko sisi, tunamhitaji sana, hasa kwa Keko na Magomeni ambako hatujafika.

Mpaka sasa tumemaliza nyumba nne. Ya tano ukuta wake wa mbele umeandikwa kwa rangi nyekundu, herufi kubwa: NYUMBA HII HAIUZWI. Tulijadiliana kama maandishi hayo ni sehemu ya nyumba au la. Tumeyapima: urefu mita mbili na sentimita kumi. Yako kwenye mchoro.