Halali na Kizuri: Somo Juu ya Chakula cha Nyumbani

Dada yetu mmoja wa Mtendeni, mjini Tabora, ametuletea swali ambalo tumeona lastahili kujibiwa mbele ya wote, maana nyumba zilizo katika hali kama yake ni nyingi. Yeye na mumewe waliingia katika Uislamu miaka mitatu iliyopita, na tangu siku hiyo nyama ya nguruwe na pombe havijavuka kizingiti chao. Lakini, asema, yeye hutoka nyumbani kabla jua halijachomoza kwenda kuuza nguo sokoni, mumewe yuko gereji hadi jioni, na watoto wakubwa huondoka wamekunywa chai ya rangi yenye sukari nyingi na kula andazi moja moja. Mchana kila mmoja hula anachokikuta: chipsi, mihogo ya kukaanga, soda. Saa tatu za usiku ndipo ugali wa sembe unaposongwa, tena mkubwa, na watu hula hadi washindwe kuinuka, kisha wakalala. Mwezi uliopita mumewe alipimwa akaonekana ana shinikizo la damu, na mtoto wa mwisho, mwenye mwaka mmoja na miezi minne, haongezeki uzito. Auliza: Je, tukiisha acha haramu, dini ina neno jingine juu ya chakula chetu? Na likiwapo, mtu asiye na nafasi atalitimizaje?

Twajibu kwamba neno jingine lipo, na watu wengi hulipita bila kuliona. Kurani Tukufu inapowaamrisha watu kula vya ardhini haitaji sifa moja, bali mbili: chakula kiwe halali, na kiwe kizuri, yaani safi na chenye kufaa. Kisha mahali pengine yaruhusu kula na kunywa, ikakataza kupita kiasi. Sukari ni halali, chumvi ni halali, mafuta ya alizeti ni halali. Walakini kitu chaweza kuwa halali katika duka na kikawa si kizuri katika mwili wa mtu fulani, kwa sababu ya wingi wake au kwa sababu ya ugonjwa alio nao. Mwenye kuacha nguruwe amefanya jambo jema, lakini amesoma nusu tu ya amri. Nusu ya pili hutimizwa kila siku katika chungu, wala hakuna jirani anayeitazama, na labda ndiyo sababu huachwa.

Wala tusidhani kwamba dada yetu asimulia balaa ya nyumba moja. Uchunguzi wa taifa uliofanywa mwaka 2012 kwa watu wa umri wa miaka 25 hadi 64 ulionyesha kwamba yapata robo yao walikuwa na shinikizo la juu la damu, na karibu mmoja katika kila kumi na moja alikuwa na kisukari. Karibu wote walikula matunda na mboga pungufu ya kiasi kinachofaa. Upande wa pili, mwaka 2022 watoto 30 katika kila mia wenye umri chini ya miaka mitano walionekana wamedumaa. Baba aliyezidiwa na mtoto aliyepungukiwa waweza kuketi mbele ya sinia moja, kama ilivyo katika nyumba hiyo ya Mtendeni.

Sasa twende kwenye udhuru wenyewe, yaani ukosefu wa nafasi. Hatuudharau. Lakini mji wa Tabora wafaa uulizwe habari hii, kwa kuwa ulijengwa na watu wasiokuwa na nafasi. Burton na Speke walipofika hapa mwaka 1857 walikuta kituo kikubwa cha misafara, na kwa miaka mingi, hadi reli ilipofika mwaka 1912, wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe kwenda pwani na nguo kurudi bara. Mpagazi alibeba mzigo wa yapata kilo 30 kwa miguu. Posho yake ya kawaida ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, yaani robo ya pishi, yapata ratili moja na nusu. Hakupata zaidi ila siku ya neema.

Mambo mawili yaonekana hapo. La kwanza ni kipimo. Mtu aliyebeba kilo 30 juani alipimiwa nafaka yake. Leo mtu anayeketi dukani kutwa husongewa mlima wa ugali ambao mpagazi yule angeuonea fahari, tena usiku, saa moja kabla ya kulala! Mtume Mtukufu Muhammad s.a.w. alifundisha kwamba mwanadamu atoshewa na tonge chache za kumsimamisha, na kama hana budi kuzidisha, basi theluthi ya tumbo iwe ya chakula, theluthi ya maji, na theluthi ya pumzi. Mwenye kuishika mizani hiyo hahitaji kununua chochote.

La pili ni kubwa zaidi, nalo ndilo jibu letu hasa kwa dada yetu. Wapagazi wale walijigawa katika vikundi vidogo vya kula pamoja. Walipotua, mmoja alikwenda kutafuta kuni, mwingine maji, mwingine aliinjika chungu. Wengi wao walikuwa wanaume, wala hakuna aliyesema kwamba kupika kwampunguzia uanaume wake. Lakini tazama nyumba zetu: mama ametoka alfajiri kama baba, amerudi jioni kama baba, kisha yeye peke yake huchota, huwasha, hupika, huosha. Haiwezekani mtu mmoja aliyechoka apike vizuri saa tatu za usiku. Atapika kinachopikika upesi, na kinachopikika upesi ni sembe na mafuta mengi. Basi ubaya wa chakula cha nyumba hiyo hautokani na ujinga wa mama. Watokana na mzigo uliowekwa kichwani mwa mmoja.

Bibi Aisha r.a. alipoulizwa Mtume s.a.w. alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kwamba alikuwa katika kazi za watu wa nyumba yake, na wakati wa Sala ulipofika alitoka kwenda kusali. Twamwomba ndugu yetu wa gereji asome maneno hayo mara mbili. Yeye ndiye mwenye shinikizo la damu, basi yafaa awe wa kwanza kushika mwiko.

Na watakapokuwa wawili, pamoja na mtoto mkubwa anayeweza kuchambua mboga, kazi yenyewe si nyingi. Maharage, choroko au kunde zilowekwe usiku kabla ya kulala. Zikiamka zimelainika huiva upesi na kuokoa mkaa. Atakayerudi mapema jioni aziinjike, naye aifunge kazi hiyo kabla ya Magharibi. Zichemke barabara, za kutosha jioni hiyo na mchana wa kesho, basi, kwa kuwa bila jokofu na katika joto letu chakula cha siku mbili ni hatari. Cha kesho kifunikwe, na kichemshwe tena asubuhi. Mtoto wa shule akibeba maharage na kiazi kitamu katika kibakuli chenye kifuniko, hela ya chipsi yabaki nyumbani.

Kuhusu unga, twashauri dona. Sembe nyeupe imevuliwa pumba na kiini, na pamoja navyo vitamini nyingi na nyuzinyuzi. Watoto wakiukataa ugali wa dona, uchanganywe nusu kwa nusu mwezi wa kwanza. Mtama na uwele ndivyo vyakula vya asili vya nchi hii, na si chakula cha njaa kama vijana wanavyodhani. Unga wowote utokane na nafaka kavu isiyo na ukungu. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupika. Karanga zilizokunjamana au zenye ukungu zitupwe, hata ikiuma.

Mboga hazikosekani Tabora kwa mwenye kuzitafuta. Masika kuna mchicha, matembele, mlenda, majani ya kunde, na uyoga wa misituni kwa wanaoujua hakika. Kiangazi kinapokausha bustani, bibi zetu walikuwa na msansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa, yakapikwa kwa karanga zilizotwangwa. Chakula hiki chaiva upesi, chakaa kabatini miezi, wala hakihitaji kwenda sokoni kila siku. Kwa mama mwenye shughuli sioni kitoweo kinachomfaa zaidi. Ni afadhali majani yaanikwe kivulini penye hewa kuliko juani, kwa kuwa jua kali laharibu vitamini A. Dagaa wa Kigoma wachache wakitiwa humo, mtoto na mama wajawazito wamepata nyama yao. Maembe yakija, yaliwe kama tunda la kila siku badala ya kuachwa yaoze chini ya mti huku tukinunua biskuti.

Chumvi na sukari zataka neno kali zaidi. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, nazo ni kijiko kimoja cha chai, zikihesabiwa pamoja na zile zilizomo katika dagaa wa chumvi na viungo vya pakiti. Katika nyumba ya mtu mwenye shinikizo la damu kibakuli cha chumvi kisiwekwe mezani kabisa. Sukari za kuongezwa zisifike gramu 50, na afadhali zishuke hadi 25, yaani vijiko sita hivi. Soda ya mililita 350 mara nyingi ina gramu 35 au zaidi. Kwa hiyo mtoto aliyekunywa soda moja mchana na chai yenye vijiko vitatu asubuhi amekwisha pita mpaka kabla ya andazi lake. Tusiiondoe sukari ya chai kwa siku moja, nyumba itaasi. Ipunguzwe nusu kijiko kila juma. Tena chai isinywewe pamoja na mlo wa mboga na maharage, kwa sababu huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Inywewe saa moja baadaye, na mlo wenyewe ufuatwe na chungwa au embe.

Hapa watu wa Tabora hutuuliza juu ya asali, nasi tunajua fahari yao kwa asali ya misitu ya miombo. Kurani Tukufu yasema kwamba ndani yake mna dawa kwa watu. Lakini dawa ina kipimo na ina mgonjwa wake. Mwenye kisukari asidanganyike kwamba asali si sukari, na mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asilambishwe asali hata kidogo, kwa maana yaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo lake bado haliviwezi.

Tumalizie na yule mtoto wa miezi 16, ambaye ndiye aliyetufanya tuandike kwa haraka. Nchi yetu ina uzoefu katika jambo lake. Taasisi ya Chakula na Lishe iliundwa mwaka 1973, na mwaka 1975 watu wengi walikaa katika vikundi kusikiliza redio katika kampeni ya Chakula ni Uhai. Kisha tangu mwaka 1983 watoto wa vijiji 168 vya mkoa wa Iringa walipimwa uzito mara kwa mara, na wazazi wakajadili kwa pamoja kwa nini fulani haongezeki. Jambo moja lililoonekana ni hili: mara nyingi chakula kilikuwapo nyumbani, ila mtoto alilishwa mara mbili tu kwa siku kwa sababu mama yuko shambani, tena kwa uji mwepesi uliojaa maji. Tumbo dogo hujaa maji, mtoto akalala na njaa. Mtoto wa umri wa miezi 9 hadi 23 hutaka mlo mara tatu au nne kwa siku juu ya maziwa ya mama.

Dawa waliyoitumia ilikuwa ya wazee, nayo ni kimea. Ulezi hulowekwa siku moja, hufunikwa mahali penye unyevu hadi uchipue, hukaushwa, machipukizi hupukuswa, kisha husagwa. Uji hupikwa mzito, ukipoa kiasi hutiwa kijiko kimoja cha unga huo, na baada ya dakika chache walegea wenyewe bila kuongezwa maji. Hurudishwa motoni uchemke, ndipo hupewa mtoto ukiwa na karanga zilizosagwa ndani yake. Kimea cha mwezi mzima chaweza kutengenezwa siku moja. Na maadamu mama yuko sokoni mchana, lazima ijulikane kwa jina ni nani atakayemlisha saa nne na saa nane: bibi, dada mkubwa, au jirani aliyekubali. Dada yetu ampeleke mtoto kliniki juma hili hili akapimwe, maana kutoongezeka uzito kwaweza pia kuwa dalili ya maradhi, na kadi yake aiangalie mwenyewe mwezi hadi mwezi. Mumewe naye asiache dawa alizoandikiwa kwa sababu ya kupunguza chumvi. Akipimwa tena, daktari ndiye atakayesema.