Unauza lori la zamani lenye injini ya ovahoo? Pima kwanza geji ya temperecha

Wauzaji wa magari na spea za zamani mtandaoni, somo la leo ni lenu.

Una Bedford ya miaka ya 1970, injini imetoka ovahoo. Kwenye tangazo unaandika: "Haichemshi, mshale unakaa katikati." Mteja anatuma pesa, anapakia mzigo, anapanda mlima. Injini inachemka, silinda hedi inapinda, ovahoo yote imekwenda. Simu ya kwanza inapigwa kwako. Na kumbe mshale ulikuwa unadanganya tangu mwanzo.

Ovahoo ndiyo wakati geji inapoharibika kirahisi. Sensa imebadilishwa na isiyoendana na geji, thredi zake zimepakwa rangi au kuzungushiwa thredi tepu nyingi hadi ethi haishiki, au kuna hewa imebaki kwenye hedi. Hiyo hewa ni hatari: sensa ikikaa kwenye hewa badala ya maji, geji inaweza kuonyesha baridi huku injini inaungua.

Pima hivi:

1. Anza na waya. Washa swichi bila kuwasha injini. Chomoa waya wa sensa: kwa geji nyingi za umeme mshale unarudi C. Gusisha waya huo kwenye chuma cha injini kwa sekunde chache tu: mshale unapanda kuelekea H. Toa haraka. Ikiwa hivyo, waya na geji vinafanya kazi, ila bado hujajua kama vinasema kweli.

2. Chemsha sensa. Injini ikiwa imepoa, ifungue. Iunganishe na waya wake, kisha funga waya mwingine kutoka bodi ya sensa hadi chuma cha injini. Itumbukize ncha kwenye sufuria ya maji jikoni, pamoja na thamomita, bila kugusa chini ya sufuria. Jiko likae mbali na betri na mafuta. Andika mshale uko wapi kwenye nyuzi 60, 80 na maji yakichemka. Kumbuka Dar maji yanachemka kwenye 100, lakini Mbeya ni kama 94, sababu ya mwinuko. Usije ukailaumu geji bure.

3. Tumia sufuria hiyo hiyo kupima themostati. Nyingi zimepigwa namba, mfano 82 au 88. Inatakiwa ianze kufunguka karibu na namba hiyo.

4. Rudisha kila kitu, toa hewa, jaza maji, washa injini hadi ipate moto. Lenga thamomita ya infraredi kwenye nyumba ya themostati. Chuma kinachong'aa kinaipotosha, kwa hiyo bandika kwanza tepu nyeusi. Linganisha na ulichoandika. Chuma cha nje kikiwa na nyuzi chache pungufu ya maji, hiyo ni kawaida. Tofauti ikiwa kubwa, rudi kwenye sensa na ethi.

Na usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto. Mvuke unaunguza uso.

Kwa magari ya Kiingereza ya zamani: kama geji ya temperecha na ya mafuta zote zinadanganya pamoja, usikimbilie kununua sensa. Magari mengi ya aina hiyo yana kidude nyuma ya dashibodi kinachoshusha umeme hadi kama volti 10 kwa geji zote mbili. Angalia hicho na ethi yake.

Na kama geji yako ni ile ya mrija mwembamba wa shaba, haina waya. Tumbukiza ncha yake kwenye maji ya moto. Mshale usipotikisika kabisa, mrija umeshavuja. Usiuuze kama mzima.

Sasa biashara. Rekodi video ya jaribio la sufuria, mshale na thamomita vionekane pamoja. Kwenye tangazo usiandike "haichemshi". Andika: "Geji imepimwa, kwenye nyuzi 80 mshale uko hapa", weka na picha. Kama inasoma pungufu, sema, na punguza bei. Mteja anayejua kasoro kabla ya kulipa hana cha kukudai baadaye.

Wewe unapimaje spea zako kabla ya kupost? Tuambie kwenye komenti, wenzako wajifunze.