Neno «Rehema» na Tumbo la Mama

Mkristu hutamka neno «rehema» kila siku katika sala zake, na katekumeni hulisikia tangu juma la kwanza la mafundisho. Lakini akiulizwa maana yake, mara nyingi hujibu hivi: rehema ni upole wa mkubwa kwa mdogo, kama vile chifu anavyomfungulia mfungwa, au tajiri anavyomtupia maskini kipande cha nguo. Jibu hilo si la uongo, ila ni fupi mno, tena laweza kumpoteza mtu. Maana yeye adhaniye kwamba rehema ni kitu cha kutupiwa, ataikaribia kama mwombaji aliyesimama mlangoni, huku akiogopa mbwa wa nyumba. Yafaa basi kuuliza neno hilo limetoka wapi.

Kiswahili kimelipokea kutoka Kiarabu. Sasa, Kiarabu, Kiebrania na Kiaramu ni lugha za ukoo mmoja, kama vile Kibemba, Kirundi na Kinyarwanda zilivyo za ukoo mmoja, nazo zote tatu husema «umutima», na Kiswahili cha mashairi ya zamani husema «mtima». Katika lugha za Waarabu na Waebrania maneno mengi hujengwa juu ya herufi tatu, kama jiko juu ya mafiga matatu. Mafiga ya neno letu ni R, H na M. Kwa Kiarabu, «rahim» ni tumbo la uzazi, na «rahma» ni rehema. Kwa Kiebrania, «rehem» ni kiungo hicho hicho, na «rahamim» ni huruma. Kwa Kiaramu, lugha aliyoisema Yezu nyumbani kwake Nazareti, mambo ni yale yale. Watu wa kale walipotaka jina la wema ule usiohesabu deni, walitazama mahali ambapo kila mtu alilishwa miezi tisa kabla hajajua kuomba.

(Waswahili nao wana neno zuri kwa kiungo hicho: hukiita «mji», au «mji wa mimba». Kumbe mtoto amekwisha kukaa mjini kabla ya kuona kijiji cha baba yake!)

Habari moja ya Kitabu Kitakatifu yaonyesha jambo hili waziwazi. Wanawake wawili walikuja mbele ya mfalme Salomo. Waliishi nyumba moja, kila mmoja alikuwa amezaa mtoto mwanamume, na mmoja wa watoto alikufa usiku. Kila mmoja alidai kwamba yule aliye hai ni wake, wala hakukuwa na shahidi. Mfalme akaagiza upanga, mtoto akatwe vipande viwili, kila mwanamke apate nusu. Mmoja akakubali. Wa pili akasihi mtoto asiuawe, heri apewe yule mwingine. Mwandishi wa Kiebrania, akitaka kueleza ni nini kilichompata mwanamke huyo, asema kwamba «rahamim» yake ilipata moto kwa ajili ya mwanawe. Msomaji wa Kiebrania husikia tumbo ndani ya neno hilo. Mfalme alikuwa hana shahidi, lakini tumbo la mama lilitoa ushahidi. Tena mama huyo alikuwa tayari kumpoteza mtoto kwa jirani ili mtoto aishi. Hapo pana rehema kamili, na haina sura ya tajiri hata kidogo.

Huenda mtu akauliza: Je, mwanamke asiyezaa hana rehema? Na wanaume je? Swali hilo si dogo, maana katika vijiji vingi mwanamke asiye na mtoto husemwa vibaya, hata kuitwa mwenye moyo mgumu. Jibu limo katika kitabu cha Mwanzo. Yosefu aliuzwa na ndugu zake, akawa mkubwa katika nchi ya Misri. Njaa ilipowaleta wale ndugu kununua chakula, alimwona kati yao Benyamini. Wana wa Yakobo walikuwa wengi, lakini Yosefu na Benyamini peke yao walizaliwa na Rakeli, naye Rakeli alikufa katika kumzaa Benyamini. Yosefu hakuweza kujizuia, akaingia chumbani akalia. Na mwandishi atumia maneno yale yale: «rahamim» yake ilipata moto kwa ajili ya ndugu yake. Ni mwanamume, hajabeba mimba wala hataibeba, naye apewa neno la tumbo. Yatosha kwamba yeye mwenyewe alibebwa. Na nani hakubebwa?

Watu wa Congo hawahitaji mwalimu wa kuwaeleza jambo hilo, kwa kuwa wao wenyewe husema «ndugu wa tumbo moja». Wayunani nao walisema hivyo hivyo. Neno lao la ndugu, «adelphos», limeundwa kwa neno «delphys», maana yake tumbo la uzazi: ndugu ni yule wa tumbo moja nawe. Mtakatifu Paulo alipowaandikia Wakristu wa Korinto, ambao walikuwa Wayahudi na Wayunani, watumwa na waungwana, aliwaita kwa neno hilo. Aliwaita watu wa tumbo moja, hali mama zao walikuwa mbalimbali kabisa.

Injili ziliandikwa kwa Kiyunani, na humo huruma yapata jina la sehemu nyingine za ndani. «Splankhna» ni moyo, maini, mapafu na figo. Katika sadaka za Wayunani ndizo nyama zilizochomwa na kuliwa kwanza. Kutoka neno hilo Injili zina kitenzi kinachosema kwamba mtu amesukwasukwa matumbo kwa huruma. Chaonekana mara 12 katika Injili za Mateo, Marko na Luka, wala hakipo mahali pengine katika Agano Jipya. Luka akitumia mara tatu tu: Yezu akimwona mjane wa Naini nyuma ya jeneza la mwanawe, Msamaria akimwona mtu aliyepigwa njiani, na baba akimwona mwana mpotevu angali mbali.

Mtakatifu Yeronimo, aliyefanya kazi yake Betlehemu, alipotafsiri habari ya Salomo na ya Yosefu kwa Kilatini, aliandika «viscera», yaani matumbo. Lakini neno la kawaida la Kilatini ni «misericordia», nalo hupandisha rehema juu kifuani: «cor» ni moyo, na «miser» ni mtu wa taabu. Kifaransa cha shuleni kimerithi yote mawili, «miséricorde» na «entrailles», na hilo la pili wanafunzi hulitamka katika Salamu Maria bila kujua kwamba ni neno la matumbo.

Neno letu lilifikaje huku? Lilikuja kwa miguu. Katika karne ya 19 misafara ya Unguja ilipita Tabora na Ujiji, ikavuka ziwa, ikafika Kasongo na Nyangwe kando ya Lualaba, kutafuta pembe na watumwa. Wenye misafara walifungua sala zao kwa kumtaja Mungu kwa majina mawili, Rahmani na Rahimu, yote mawili ya asili hiyo ya tumbo. Lakini mwezi wa Julai 1871 watu wenye bunduki waliwapiga watu sokoni Nyangwe, na wengi katika soko lile walikuwa wanawake waliokuja kuuza vitu vyao. Livingstone aliyaona kwa macho yake. Neno la tumbo la mama liliingia Maniema pamoja na watu waliowatenga watoto na mama zao. Neno halina kosa, na Waislamu wengi wamelitunza vizuri. Ila ni vema kujua kwamba mtu aweza kulitamka kila siku asilisikie.

Nabii Hosea aliamriwa kumpa binti yake jina la «Lo-ruhama», yaani Asiyerehemiwa, na baadaye lile «lo», maana yake «si», likaondolewa. Wasichana wa kwetu waitwao Rehema wana nafuu kuliko yeye.

Na liko neno moja zaidi la ukoo huo ambalo kila mtu hulitumia, hata asiyesali: «marehemu». Maana yake ni aliyerehemiwa. Wako watu wanaokataa kulitumia kwa mwizi au mlevi aliyekufa, wakisema hakustahili. Hao wamelichukua kama sifa ya kumlipa mtu mwema. Lakini lugha yenyewe hailipimi hivyo: hata aliyekufa akiacha deni sokoni na ugomvi na jirani huitwa marehemu, sawa na mtoto mchanga aliyezikwa jana.