Saa ya Kugeuza: Mbinu za Dereva na Karani wa Usalama Nyanda za Juu Kusini

Ofisi ndogo za miradi ya misaada, hapa Mbeya na kule Iringa, mara nyingi humpa mtu mmoja kazi mbili: udereva na ukarani wa usalama. Waombaji wengi hujiandaa kwa udereva tu. Wanatafuta leseni, wanazoea gari, wanaajiriwa, kisha wanakabidhiwa daftari la safari, orodha ya namba za simu na funguo za nyumba za wafanyakazi, na hapo ndipo wanapoanza kubabaika. Ushauri wangu kwa anayeingia kazi hii ni kwamba alichukue daftari kwa uzito uleule anaouchukulia usukani. Dereva asiyeandika hana hoja ya kumwambia bosi wake kwamba safari isimame.

Kuhusu sifa, nitasema kwa ufupi kwa sababu matangazo yenyewe huzieleza: cheti cha kidato cha nne, leseni ya daraja C au E kwa waajiri wengi, mafunzo ya msingi ya udereva kutoka VETA au Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, na angalau mwaka mmoja wa kuendesha bila kusababisha ajali. VETA ipo Iringa na ipo Mbeya, kwa hiyo huna haja ya kwenda Dar es Salaam. Ongeza mafunzo ya huduma ya kwanza. Ukiyakosa hayo utaweza kuajiriwa, lakini siku utakayomkuta majeruhi kandokando ya barabara utajua kwa nini nimeyataja.

Sasa saa ya kugeuza. Mashirika mengi yana kanuni inayokataza gari kutembea usiku nje ya mji, na kwa huku ni kanuni ya haki kabisa. Barabara kuu ya kwenda Zambia, inayopita Iringa, Mafinga, Makambako na Mbeya hadi Tunduma, imejaa malori ya Zambia na Kongo usiku na mchana. Mengine huharibika na kubaki palepale bila taa. Kanuni inajulikana na kila mtu ofisini, na bado inavunjwa kila wiki, kwa sababu hakuna aliyepiga hesabu asubuhi. Mkutano wa kijiji uliopangwa saa nne unaanza saa saba kwa kuwa kuna msiba na wanaume wote wako makaburini. Ukimalizika, mwenyeji ameshachinja kuku, na kuondoka bila kula ni utovu wa adabu. Saa kumi na moja mnaagana, na giza huingia kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja.

Hesabu hupigwa kuanzia mwisho. Chukua safari ya Kidabaga, wilaya ya Kilolo, wakati wa mvua. Jiulize: saa ngapi nataka matairi yawe yameshakanyaga lami? Tuseme saa kumi na moja jioni. Njia ya udongo ikiwa mbichi itakula saa ngapi? Tuseme tatu, pamoja na kukwama mara moja. Basi saa ya kugeuza ni saa nane mchana, na inaandikwa kwenye fomu ya safari kabla gari halijawashwa, kisha kiongozi wa msafara anaweka sahihi. Usiisemee kijijini kwa mara ya kwanza. Ukiisemea kule utaonekana mvivu au mwoga, na mbele ya wenyeji bosi hatakubali kuongozwa na dereva. Ukiwa na fomu, unamsogelea taratibu na kumwambia, "Mama, saa tuliyosaini asubuhi imebaki nusu." Huyo mama anaweza kuwa daktari au mkurugenzi, lakini sahihi ni yake. Anayetaka kuahirisha saa apige simu ofisini, apate ruhusa, na wewe uandike jina la aliyetoa ruhusa. Wengi wakifika hapo huanza kuaga. Mwenyeji naye mweleze mapema, tangu mnapofika na kusalimiana, kwamba leo mtaondoka saa nane. Chakula kitawahi au mtafungiwa.

Milima inahitaji nidhamu ya peke yake. Kitonga, kati ya Ilula na Ruaha Mbuyuni, ina kona kali, ukuta wa mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili. Ukitoka Iringa unaishuka. Shika gia kabla ya mteremko kuanza, na kanuni ya wakongwe inatosha: gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Injini ikizuia gari, breki unazigusa kidogo kidogo kabla ya kona. Anayekanyaga breki mfululizo huzipasha moto mpaka mafuta ya breki yachemke, na mafuta yaliyochemka hayasukumi kitu. Kanyagio linakuwa laini, linazama hadi chini na gari linaendelea kwenda. Harufu ya kuungua hutangulia. Ukiisikia, tafuta mahali pa kusimama, acha breki zipoe zenyewe, usizimwagie maji. Aliyeweka nyutro ili kubana mafuta ameikataa breki iliyo bora kuliko zote alizonazo. Na ukiona matawi mabichi yamepangwa barabarani, ujue kuna lori bovu kwenye kona inayofuata, punguza hapohapo. Haya yote yanahusu pia miteremko ya Inyala na Iwambi upande wa Mbeya, ambako mbele yako kuna malori yaliyobeba tani nyingi na nyuma yako yapo mengine, na hujui breki zao zikoje. Acha nafasi, kaa tayari kutoka nje ya barabara.

Nje ya lami, kila upande una tabia yake. Usangu, kuanzia Rujewa kwenda Ubaruku na Madibira, udongo mweusi ukilowa hujaza matairi mpaka hayashiki tena. Kilolo na Mufindi udongo mwekundu huteleza. Barabara ya kupanda kutoka Chimala kwenda Matamba watu huiita Hamsini na Saba kwa idadi ya kona zake, na juu kule ukungu unaweza kushuka saa sita mchana. Kama unaendesha Land Cruiser mkonga yenye hab za mkono, shuka uzifunge zote mbili kabla ya kuingia kwenye tope. Ukishazama hadi ekseli utazifunga ukiwa umelala ndani ya maji. Mvua huku huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, kwa hiyo kamba ya kuvutia, koleo na ubao wa kuwekea jeki ni vya kudumu garini, havisubiri uone mawingu.

Turudi kwenye daftari. Ukarani wa usalama maana yake ni kujua kila mtu wa mradi yuko wapi usiku huu na nani amemwona mara ya mwisho. Kila mtu awe na ukurasa: namba zake mbili za simu, namba ya mwenyeji wake, mtendaji wa kijiji, mwenyekiti wa kitongoji, kituo cha polisi kilicho karibu na kituo cha afya. Anwani za makazi zilizowekwa katika operesheni ya mwaka 2022 ziandike, lakini usiziegemee peke yake. Andika pia maelezo ambayo mtu wa bodaboda angeyaelewa. Vijiji vingi vya milimani havina mtandao wa simu isipokuwa sehemu moja, kwenye kilima au chini ya mti fulani, na wanakijiji wote wanapajua. Andika mahali hapo na saa ambazo mtu wako hupanda kupiga simu. Taarifa hiyo ndogo itakuondolea wasiwasi wa usiku mzima.

Halafu kuwe na ngazi iliyoandikwa ya kufuata simu isipokuja. Nusu saa baada ya muda wa simu kupita, unapiga. Hapatikani, unapiga namba ya pili, kisha mwenyeji, kisha mtendaji. Ikifika saa ya mwisho mliyokubaliana, unamjulisha mkuu wa ofisi na polisi wa wilaya. Namba ya dharura ya polisi ni 112 na ya zimamoto 114, lakini ukiwa na namba ya mkuu wa kituo aliyekwisha kukuona ana kwa ana utasaidiwa haraka zaidi. Kwa hiyo kila unapopita, simama: "Shikamoo afande, napita, sisi tuko kijiji fulani mpaka Ijumaa." Vivyo hivyo ofisi ya kijiji: saini kitabu cha wageni hata kama unakaa dakika kumi. Upande wa Iringa anza na "kamwene", kwa Wanyakyusa wa Rungwe anza na "ugonile", hata kama mengine yote utayasema kwa Kiswahili. Mgeni anayejulikana kijijini hulindwa na kijiji.

Hospitali nazo zipange kwa mfuatano wa barabara, maana kwenye ajali hakuna muda wa kufikiri. Kutoka Kitonga kwenda Mbeya una hospitali ya Ilula, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Iringa, Tosamaganga nje kidogo ya Iringa, Mafinga, Ilembula ukichepuka baada ya Makambako, Chimala Mission, kisha Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Makete wana Ikonda. Zifikie zote siku usiyo na mgonjwa, ujue geti la wagonjwa wa dharura liko upande gani.

Ukaguzi wa nyumba za wafanyakazi ni sehemu ambayo wengi huifanya harakaharaka, na ndiyo ningependa uifanye polepole. Usidanganywe na kufuli kubwa. Tazama linaning'inia kwenye nini: mara nyingi utakuta komeo limeshikwa na skrubu fupi nne, na mwizi mwenye bisibisi hahitaji kuligusa kufuli. Dai bolti zinazopenya mlango mzima, nati zikiwa ndani. Dirisha lenye nondo ni zuri, lakini chumba cha kulala kiwe na njia ya kutokea moto ukiwaka mlangoni. Na kuna hatari moja ya huku kwetu inayowapata wageni wa joto la Dar es Salaam na wa Ulaya kwa pamoja: Juni na Julai, Mafinga, Makete au Isyonje, baridi inauma, na mtu analiingiza jiko la mkaa chumbani, anafunga dirisha, analala. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na aliyelala haamki. Mwambie kila mgeni siku anayohamia, kwa maneno makali: jiko hulali nalo. Mwongezee blanketi.

Kuna usalama mwingine usio wa wezi wala barabara. Miradi mingi ya huku ni ya UKIMWI, na sababu inaeleweka: utafiti wa kitaifa wa 2022/23 ulikuta maambukizi kwa watu wazima ni asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati wastani wa taifa ulikuwa 4.4. Gari lenye nembo ya mradi likisimama mlangoni pa mtu, mtaa mzima umeshapata jibu. Egesha ofisi ya mtendaji au dukani, muuguzi atembee. Ukiulizwa ulimpeleka wapi, hujui. Daftari lenyewe lifungiwe kabatini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu wewe karani sawasawa na mkurugenzi. Nimeliweka jambo hili juu kuliko wizi wa mafuta, ingawa ofisi nyingi huzungumzia mafuta tu. Mafuta yana dawa rahisi: jaza tangi, andika kilomita, bandika risiti, siku hiyohiyo.

Lifti ni ngumu zaidi, kwa sababu huku watu hutembea mbali na gari lako lina nafasi. Kataa kwa heshima abiria wa kawaida, kwani bima na kanuni za ofisi haziwahusu. Ila mjamzito aliyezidiwa au majeruhi ni suala jingine, na ofisi isikuachie uamue peke yako gizani. Omba mapema kibali cha maandishi: dharura ya uhai unabeba, unapiga simu ukiwa njiani, unaandika. Sijaona mkuu wa ofisi mwenye utu akikataa kukisaini.

Nawe ujilinde. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 za kazi kwa wiki, saa za ziada zilipwe mara moja na nusu, na mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku na siku. Dereva aliyemshusha mgeni Iringa saa tano usiku hapaswi kuwasha gari saa kumi alfajiri. Andika saa zako kwenye daftari lilelile.

Miradi hufungwa. Tarehe 20 Januari 2025 Rais wa Marekani alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na ofisi nyingi zilizotegemea fedha hizo zikasimama ghafla. Madereva walikuwa miongoni mwa waliorudi nyumbani. Kwa hiyo faili lako liwe tayari wakati wote: nakala ya leseni, vyeti vya mafunzo, michango ya NSSF uliyoihakikisha mwenyewe, na cheti cha utumishi ambacho sheria inamtaka mwajiri akupe unapoondoka. Kila mwisho wa mwaka omba pia barua inayosema umeendesha mwaka huo bila kusababisha ajali, maana mwajiri anayefuata ataidai. Iombe mapema, mkuu wa mradi akiwa bado ana ofisi, mhuri na karatasi yenye nembo.