Mashua Inapopinduka Mbali na Pwani

Mashua ndogo za mashindano hupinduka mara kwa mara. Hiyo ni sehemu ya mchezo. Hatari huanza baharia anapoiacha mashua na kuogelea kuelekea pwani, ambayo daima huonekana karibu kuliko ilivyo. Maji hunyang'anya mwili joto kwa kasi inayozidi ile ya hewa takribani mara 25, na hata bahari ya nyuzi 26 ni baridi kwa mwili wa nyuzi 37. Viungo hulegea. Isitoshe, waokoaji huona mashua inayoelea upesi kuliko kichwa kati ya mawimbi. Jaketi okozi lifungwe nchi kavu. Kulivaa majini ni taabu. Aliyezama asipopumua, apuliziwe pumzi kwanza, ndipo kifua kikandamizwe, kwa kuwa alichokosa ni hewa.